Kaole, Saadani, Pangani: siku nne za Mrima, na kwa nini nasema msiishie kwa wanyama

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita tumerudi safari ya siku nne ya Mrima, yaani pwani ya bara inayotazama Zanzibar, watu wanne gari moja, tukitokea Dar. Tulianza Bagamoyo na Kaole, tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, tukamalizia Pangani na kurudi kwa njia ya Tanga. Niliahidi hapa kwamba nikirudi nitaandika. Picha zitafuata, mtandao wangu leo unasuasua.

Nianze na sababu ya safari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzigua wa upande wa Mkange. Akitusimulia habari za zamani, Saadani kwake haikuwa mbuga, ilikuwa mji. Alikuwa akisema wazee wake "walishuka Saadani" na mtama, wakapandisha chumvi, samaki wakavu na kaniki. Sasa mimi kila tangazo la Saadani ninalokutana nalo lina twiga na bahari nyuma yake, basi. Mji wa bibi haumo. Nikasema niende nikautafute.

Kaole. Tulianza hapa kwa makusudi, ni kama kilomita tano kusini ya mji wa Bagamoyo. Yapo magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya ishirini, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti wa kale zaidi ni wa karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo za mawe zilizosimama kichwani, na mwongozaji akatuonyesha vishimo palipopachikwa bakuli za kaure zilizotoka China. Weka kidole kwenye kishimo hicho, halafu fikiria chombo kilichobeba bakuli, pepo za kaskazi zilizokileta, na fundi aliyekoroga chokaa akalipachika juu ya kaburi la mtu aliyempenda.

Kilichonishika zaidi ni kwamba bahari haipo. Umesimama kwenye mji wa bandari, na mbele yako ni mikoko mitupu. Tope limejaa, mikoko ikaota juu yake, vyombo vikashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nilipanda pale kwenye ukingo nikasikiliza kama nitasikia mawimbi. Nilisikia ndege tu.

Kuna kaburi la Sharifa ambalo watu wanaliendea mpaka leo kwa dua. Tulikuta ubani umechomwa asubuhi ile. Vueni viatu, kina dada jifunikeni, na msipige picha mtu anayeomba. Lile ni kaburi lenye wenyewe. Na mbuyu mkubwa upo, ule ambao wenyeji wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Tuliuzunguka wote wanne.

Bagamoyo mjini sitaandika sana, wengi mnapajua. Boma la Wajerumani la 1897, Ngome Kongwe, milango ya nakshi, soko la samaki. Ila msiache kwenda misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868. Mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mimi hadithi ya Livingstone mwenyewe hainigusi kama ya waliombeba. Chuma, Susi na wenzao walimkausha, wakamfunga kwenye magome ya mti, wakatembea naye miezi karibu tisa kutoka Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, wakipita kwenye vijiji ambavyo maiti ni nuksi. Nilisimama chini ya ule mnara nikawaza miguu yao.

Saadani. Tulipita njia ya Makurunge, tukavuka mto Wami, tukaingia hifadhini saa nne asubuhi. Kwa wasiojua: lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 1,000. Ndiyo hifadhi ambayo nyika ya Tanzania inashuka mpaka inakutana na Bahari ya Hindi. Usitegemee kumkuta tembo amesimama majini kama kwenye matangazo. Sisi tulikuta nyayo zake mchangani, mbichi, zikitoka vichakani mpaka mstari wa maji kujaa, kisha zikarudi. Tulikaa pale kimya muda mrefu.

Wanyama tuliowaona: twiga wengi, ngiri, tohe, kuro, kongoni, kundi la nyati kwa mbali, na mbega weusi kwa weupe kwenye msitu wa kando ya Wami. Palahala hatukubahatika. Simba tuliwasikia usiku.

Jioni ya siku ya kwanza ndani ya hifadhi ndipo nilipopata nilichokijia. Kijiji cha Saadani kipo ndani kabisa, watu wanaishi, wanavua, wanaanika kamba. Kuna gofu la jengo la enzi ya Wajerumani, kuta zimechongoka, miti imeota ndani. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anatutembeza: hapa ndipo kwa Bwana Heri? Akanitazama kidogo, akasema, "Wageni huwa hawaulizi hilo." Akanizungusha mji mzima mpaka giza likaingia.

Bwana Heri bin Juma ndiye aliyekuwa mkubwa wa Saadani wakati Wajerumani wanakuja. Nitaendelea kwenye bandiko linalofuata, naona limeshakuwa refu.

#2 Mama wa Tabata

Asante kwa uzi, kaka. Mimi nina maswali ya mwenye watoto. Gari dogo linafika? Watoto wa miaka sita na tisa hawatachoka? Na tulale wapi kwa mtu wa kipato cha kawaida? Nikitazama mahoteli ya ufukweni bei zake nakata tamaa.

#3 Dereva wa Masafa

Dada, hilo la gari nikujibu mimi, nimepeleka wageni kule miaka mingi.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni Bagamoyo, Makurunge, Wami, unaingia. Ya pili unafuata barabara kuu ya Chalinze–Segera, unakata kulia Mandera, unapita Miono na Mkange mpaka Saadani. Kiangazi gari dogo lenye tumbo la juu kidogo linafika kijijini bila shida kubwa. Masika usithubutu. Ule udongo mweusi ukilowa unakuwa kama uji, na gari la magurudumu manne nalo linanasa. Niliwahi kulala humo na wageni sita Aprili moja, matairi yamezama mpaka ekseli, tukanywa maji ya kwenye rejeta mpaka trekta lilipokuja asubuhi. Nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba, au Januari na Februari.

Watoto hawatachoka kama utawapeleka mtoni. Safari ya boti kwenye mto Wami ndiyo inayowafurahisha kuliko gari: viboko, mamba, midiria ya kila rangi, na mwishoni mikoko na mdomo wa mto. Vaa nguo za rangi ya mchanga. Bluu na nyeusi zinaita ndorobo, na ndorobo wa Saadani hawana huruma.

Malazi: kuna mabanda ya hifadhi na sehemu ya kupiga kambi. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, kiwango chetu ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni wa nje, ilimradi ubebe kitambulisho. Malipo si fedha mkononi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au benki. Maliza jambo hilo ungali na mtandao, kabla hujafika getini.

#4 Mzee wa Ruaha

Mleta uzi unaandika vizuri, lakini nisiwadanganye vijana. Mimi nimekwenda Saadani mara mbili. Siku nzima niliona twiga kumi na ngiri. Kwa hela hiyo hiyo Mikumi utaona zaidi, na Ruaha ndiyo usiseme. Magofu nayo ni kuta tatu na bango lililofifia. Mtu asafiri saa zote hizo kwa ajili ya kuta tatu?

#5 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli kuhusu idadi ya wanyama, na mtu anayetaka makundi aende Ruaha, sina ubishi. Lakini hizo kuta tatu nitazitetea.

Mwaka 1888, Agosti, kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani. Mtu wao pale alikuwa Emil von Zelewski, na alivyowatendea watu wa Pangani ndivyo vilivyowasha moto. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa, akawa kiongozi wa upande wa Pangani, akashuka mpaka Bagamoyo akaizingira. Huku katikati, Saadani, alikuwepo Bwana Heri na Wazigua wake. Tofauti yake na majumbe (wakuu wa miji) wengi wa Mrima ni kwamba cheo chake hakikutoka Zanzibar. Hakuwa akingoja ruhusa ya Sultani apigane au asipigane.

Wajerumani wakamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi: Wasudani kutoka Misri, na Washangaan kutoka Msumbiji. Mei 1889 waliivunja kambi ya Abushiri pale Nzole, karibu na Bagamoyo. Muda mfupi baadaye, katikati ya mwaka ule, manowari zikaipiga Saadani kwa mizinga kutoka baharini. Ufuo ule ule ambao leo tunapiga picha na twiga. Bwana Heri hakusalimu amri. Alirudi bara, akajenga ngome ya miti porini, akapigana mpaka 1890, wakati Abushiri ameshanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Alipokubali amani, watu wake walikuwa wanakufa kwa njaa.

Sasa fikiria, mzee wangu. Unapanda gari la utalii Saadani, mwongozaji anakuonyesha tohe amelala kwenye nyasi ndefu. Ile ngome ya miti ilisimama katika nchi kama hiyo, na watu wale walikunywa maji ya mito hii hii. Hakuna bango hata moja linalokuambia. Mtu anatoka Ulaya, anatoka Mbeya, anarudi kwao akijua kwamba Saadani kuna twiga karibu na bahari. Kwangu mimi hizo kuta tatu zinastahili saa zote nilizokaa barabarani.

#6 Mwalimu wa Shule ya Kata

Naomba kuongezea, na kurekebisha kidogo.

Kwenye vitabu vya shule vita hivi vinaitwa "vita vya Abushiri", na mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akidhani ni mtu mmoja na jeshi lake. Havikuwa hivyo. Walikuwamo Washirazi wa miji, Waarabu wenye mashamba, Wazigua, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wamekwama pwani na misafara yao. Kila kundi lilikuwa na lake. Wengine walikuwa wanapigania ushuru wa forodha waliokuwa wakipata wao, wengine heshima, wengine kuwinda nafasi. Tukiwafundisha watoto kwamba wote walikuwa wanapigania "uhuru wa Tanganyika" tunawavisha wazee wale kanzu isiyokuwa yao. Tanganyika yenyewe haikuwepo.

Jambo la pili, Zelewski aliyetajwa hapo juu. Wahehe ndio waliomuua, Lugalo ya Iringa, Agosti 1891, yeye na kikosi chake. Watu wa Pangani nadhani walizipata habari hizo kwa furaha.

La tatu ni jina la Bagamoyo, kwa sababu litaulizwa tu. Waongozaji wengi wanawaambia wageni kwamba ni "bwaga moyo", mtumwa anauacha moyo wake kabla ya kupandishwa chomboni. Lakini kuna maana nyingine ya wapagazi: umetembea miezi mitatu na pembe begani kutoka Unyanyembe, huko Tabora, sasa umefika, tua mzigo, tulia moyo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikuwa wakiingia mji ule kila mwaka, wengi wao watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu maana zote mbili, kwa sababu watu wa aina zote mbili walipita pale.

Mleta uzi, umefika kwenye makaburi ya Wajerumani kando ya ufukwe? Utaona walikufa vijana, wengi katika miaka ile ile ya vita. Homa iliwaua pamoja na risasi.

#7 Binti Pangani

Nimefurahi kuona Pangani imetajwa bila kusahaulika. Mleta uzi mbona siku ya nne hujaisimulia? Ulivuka na kivuko kutoka Bweni? Ulifika Maziwe?

#8 Mleta uzi

Dada, nilikuwa najipanga. Tulitoka Saadani alfajiri tukapanda kaskazini kwa njia ya Mkwaja. Upande ule zamani palikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe. Ndorobo waliishinda, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa hifadhini. Ukiwa makini unaona bado majosho na nguzo za uzio zimemezwa na vichaka. Ufuo wa Madete upo huko, ambako kasa wanapanda kutaga. Tulipapita mchana, mchanga mtupu, mweupe, bila nyayo ya mtu.

Bweni tulifika jua la saa saba. Kivuko kilikuwa ng'ambo, tukangoja tukila madafu. Mto Pangani pale mdomoni ni mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo unauona mji wote umejipanga: nyumba za ghorofa za mawe, mabati yenye kutu, minazi nyuma. Nilipouzunguka mji kwa miguu nilihuzunika. Nyumba moja ya mtaa wa mtoni ina mlango wa nakshi ambao ungewekwa kwenye jumba la makumbusho popote duniani, lakini paa lake limeanguka na mwembe umetokea dirishani. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akaniambia wenye nyumba ni warithi wengi, kila mmoja na mji wake, hakuna anayekubali kutoa fedha peke yake na hakuna anayekubali kuuza. Mvua haiwasubiri wapatane.

Nilimuuliza Abushiri alinyongewa wapi. Watu watatu walinionyesha mahali patatu.

Maziwe hatukufika. Maji hayakuturuhusu. Nisimulie wewe.

#9 Binti Pangani

Haya, nisimulie.

Maziwe ilikuwa kisiwa cha kweli. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi, alikuwa anatuambia kulikuwa na mivinje, unafunga chombo unapika chini ya kivuli. Mwaka 1975 kikatangazwa hifadhi ya bahari, miongoni mwa vya kwanza nchini, kwa sababu kasa walikuwa wanataga pale kuliko mahali pengine pa pwani yetu. Ilikuwa imechelewa. Miti ilikwisha, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, mawimbi yakaula. Siku hizi Maziwe ni tuta la mchanga. Maji yakipwa linaonekana jeupe katikati ya bahari, zuri mno, unaogelea juu ya matumbawe. Maji yakijaa linazama lote.

Lakini kasa hawajui. Bado wanakuja kutaga palepale. Kiota kikiachwa, bahari inakifunika na mayai yanakufa. Kwa hiyo kuna watu wa kwetu, vijana na wazee, wanaokwenda kuyachukua mayai usiku na kuyazika upya ufuo wa bara upande wa Ushongo, wanayalinda mpaka yanaanguliwa. Nimewahi kuwashuhudia watoto wa kasa wakitoka. Wanatoka jioni, wadogo kama kiganja cha mtoto, wanatimua mchanga wakielekea kwenye mwanga wa maji. Nililia, na sioni aibu kusema. Mtu mzima alikuwa amesimama karibu yangu, mvuvi, ambaye alikiri zamani alikuwa anakula nyama ya kasa. Siku hiyo alikuwa anafukuza kaa wasiwadhuru.

Kwa wanaotaka kwenda: ulizieni kwanza bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Boti ya Maziwe inafuata maji, haifuati saa ya simu yako. Na mkimkuta kasa anataga, zimeni tochi zote, kaeni mbali na kichwa chake. Akishtuka anarudi baharini na mayai tumboni.

#10 Mchuuzi wa Kamba

Mimi ni mwenyeji wa kijiji cha ndani ya hifadhi, nasoma huu uzi tangu jana.

Niwaambie jambo moja. Kijiji chetu kilikuwepo kabla ya pori la akiba na kabla ya hifadhi. Mgeni akija anadhani sisi ndio tumeingia kwa wanyama. Tunaishi na nyani wanaochungulia jikoni, viboko wanaotoka usiku, na tembo ambaye akipita kwenye bustani ya mtu hakuna cha kuvuna. Tumezoea. Hatuwachukii. Lakini mtalii anapita kijijini vioo vimepandishwa, anakwenda ufukweni, analala, anaondoka. Hata chai hajanywa kwetu.

Kamba wa Saadani wanasifika mpaka Dar. Mto Wami unaleta tope lenye chakula, kamba wanazaliana mdomoni pale kwenye mikoko. Ukifika asubuhi madau yanaporudi utanunua kamba hai, na mama yeyote atakupikia kwa nazi na wali kwa bei ya kawaida kabisa. Ukitoka hapo nenda kwenye mabwawa ya chumvi uone heroe. Wanasimama wekundu juu ya maji meupe, asubuhi jua likitoka. Bure, hakuna kiingilio. Na mlioandika habari za Bwana Heri, wazee wapo. Njooni muwaulize wakiwa hai.

#11 Mzee wa Ruaha

Marahaba, mwanangu mleta uzi. Nimesoma yote. Mimi mara zote mbili nilipita hicho kijiji vioo vimepandishwa, hilo nalikubali mbele ya wote. Mchuuzi, nikija Juni nitakutafuta.

Ila niulize jambo linalonikera. Barabara ya lami ya Bagamoyo mpaka Tanga kupitia Saadani na Pangani. Wengi humu mnaishangilia. Mmefikiri wanyama?

#12 Dereva wa Masafa

Mimi nimeishangilia, mzee, siwezi kusema uongo. Mjamzito wa Mkwaja masika anafikaje hospitali? Lami ni uhai kwa watu wa huku. Lakini nimeendesha Mikumi usiku pia. Barabara kuu inakata hifadhi kama kilomita 50, kuna matuta, kuna bango la faini kwa kila mnyama, na bado asubuhi unakuta swala au chui amelala kando ya lami. Basi la usiku halimwoni mnyama mpaka limeshamgonga. Sehemu zote za mapito ya wanyama ziwekewe matuta tangu siku ya kwanza, yasingoje tembo wa kwanza kugongwa, na usiku malori yazuiwe.

#13 Mwalimu wa Shule ya Kata

Naunga mkono, na naongeza la magofu. Lami ikifika, mabasi ya shule yatafika. Nina wanafunzi zaidi ya arobaini kidato cha tatu ambao hawajawahi kuona gofu, na wanaishi mkoa wa Pwani. Lakini watu wakiwa wengi, kuta za chokaa zinakufa haraka: mmoja anapanda juu kupiga picha, mwingine anachonga jina lake. Kaole nimeona majina yamechongwa juu ya plasta ya karne nyingi. Na wanaotaka kusaidia wasizibe nyufa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na chokaa, haipumui, maji ya chumvi yanafungiwa ndani na jiwe linaoza. Chokaa inazibwa kwa chokaa. Mafundi wake wapo, Zanzibar na Lamu wanafanya kila siku.

#14 Mama wa Tabata

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho kabla sijaomba likizo: nikiwa na siku tatu tu na watoto wawili, niache nini?

#15 Mleta uzi

Dada, acha Pangani safari hii, uiwekee safari yake. Siku ya kwanza toka Dar alfajiri, Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali, mchana misheni mpaka kwenye mnara, ulale Bagamoyo. Siku ya pili ingia Saadani kwa njia ya Makurunge, jioni kijijini, ule kamba kwa Mchuuzi. Siku ya tatu boti ya Wami asubuhi mapema, maji yakiwa yanajaa, kisha urudi kwa Mandera ili watoto waione nchi ya Uzigua.

Kijana aliyenitembeza nimemwambia nitarudi na mama yangu Agosti. Mama hajawahi kufika Saadani, ingawa amesikia jina lake tangu tumboni. Nikirudi nitawaandikia wazee wa Mchuuzi wamesema nini kuhusu mahali ngome ilipokuwa. Mwalimu, kama wanafunzi wako wana swali la kuwauliza, liweke hapa kabla ya hapo.

#16 Mwalimu wa Shule ya Kata

Nimewauliza leo darasani. Wengi wameuliza kuhusu bunduki. Binti mmoja wa nyuma ameuliza: wakati mizinga inapigwa, wanawake na watoto wa Saadani walikimbilia wapi? Naomba uliulize hilo kwanza.